Somo: Leja ya gawio, jedwali langu la kuchagua hisa baada ya kustaafu

Nilikuwa mtunza bohari wa serikali, na bohari ina sheria moja ambayo wakaguzi hawakuchoka kuirudia: usiingize kwenye leja kitu ambacho hukukihesabu kwa mkono wako. Nilipostaafu, kikotoo cha mafao kikafanya yake na kiinua mgongo kikaingia, nikaisahau sheria hiyo kabisa. Nilinunua hisa kwa kusikia. Mwenzangu kanunua, nami nimo.

Kampuni moja, jina nalihifadhi, niliinunua kwa sababu gawio lake (dividendi, yaani fungu la faida ambalo kampuni huwalipa wenye hisa) lilikuwa shilingi 14 kwa kila shilingi 100 ya bei. Nikajiona mjanja. Kumbe sehemu kubwa ya gawio lile ilikuwa gawio maalumu: waliuza mali, wakagawana fedha, basi. Mwaka uliofuata hawakutoa hata senti, na bei ikateremka nikiitazama. Habari yote ilikuwa kwenye ripoti yao ya mwaka, ukurasa wa maelezo ya hesabu. Mimi nilikuwa nimesoma picha iliyorushwa WhatsApp.

Tangu hapo nina jedwali langu. Halina urembo wowote. Nalieleza hapa kama ninavyolitumia, kwa mifano ya soko letu la hisa la Dar es Salaam (DSE).

Kwanza tuelewane tunatafuta nini. Hatifungani ya serikali ya miaka 25, yaani serikali inakukopa na kukulipa riba, ni kitu kizuri, ninayo, lakini riba yake ya mwaka wa 25 ni shilingi zilezile za mwaka wa kwanza. Unga hautakuwa wa bei ileile. Kwa hiyo upande wa hisa natafuta kampuni ambayo gawio lake linapanda mwaka hadi mwaka, hata kama leo ni dogo. Anayetafuta bei iruke auze mwezi ujao, jedwali hili halitamsaidia.

Hatua ya 1: Chukua ripoti, andika mwenyewe

Nenda kwenye tovuti ya kampuni, sehemu ya wawekezaji, upakue ripoti za miaka sita au saba. Fungua Excel au LibreOffice (hii ya pili ni ya bure), kila kampuni iwe na ukurasa wake. Kisha andika namba moja moja kutoka kwenye ripoti. Usinakili jedwali la mtu, hata hili langu. Kuandika kwa mkono kunachosha, na huo uchovu ndio utafiti wenyewe: unapotafuta namba ya gawio unakutana na mkopo mpya, na kesi ya kodi, na mkurugenzi aliyeondoka. Aliyepakua faili lililokwisha jazwa hakutani na hayo.

Hatua ya 2: Safu sita tu

A ni mwaka wa hesabu. B ni faida kwa kila hisa. C ni gawio kwa kila hisa. D ni ukuaji wa gawio. E ni sehemu ya faida iliyogawiwa. F ni maneno: kwa nini namba imepanda au imeshuka.

Angalieni mwaka. Gawio la hesabu za 2024 hulipwa 2025 baada ya mkutano mkuu. Mimi nilichanganya miaka ya hesabu na miaka ya malipo katika ukurasa mmoja, ikaonekana kampuni imelipa mara mbili mwaka mmoja na mwaka mwingine haikulipa. Chagua mwaka wa hesabu, ubaki nao.

Gawio maalumu lisiingie safu ya C. Liandike F. Hapo ndipo nilipoumia.

Hatua ya 3: Ukuaji

Tuchukue benki ya NMB. Magawio kwa hisa, kuanzia hesabu za 2018: 66, 96, 137, 193, 286, 361, na 428.85 kwa 2024. Ukianza mstari wa 2, unaishia mstari wa 8. Kwenye D3 andika =C3/C2-1, kisha uiburute hadi D8. Utapata takriban asilimia 45, 43, 41, 48, 26 na 19.

Kwa ukuaji wa wastani kwa mwaka, seli yoyote tupu: =(C8/C2)^(1/6)-1. Jibu ni kama asilimia 36.6. Namba tamu, lakini irudieni safu ya D muisome taratibu. Mbili za mwisho ziko chini ya zote zilizotangulia. Gawio linapanda bado, mwendo umepungua. Wastani umeificha habari hiyo, na mtu anayeuza hisa atakutajia wastani.

Sasa benki ya CRDB, maana hapa ndipo pana funzo zaidi. Hesabu za 2016 zilitoa shilingi 10. Za 2017 zikatoa 5. Kisha 8, 17, 22, 36, 45, 50, na 65 kwa 2024. Ukianza kuhesabu 2016, ukuaji wa wastani ni kama asilimia 26 kwa mwaka. Ukianza 2017, ni asilimia 44. Benki ni ileile, gawio la mwisho ni lilelile, umesogeza mwanzo kwa mwaka mmoja tu! Anayeanza kupima kutoka shimoni kila mlima ataona mrefu. Kwa hiyo mimi huweka wastani mbili, mmoja kuanzia mwaka mzuri na mmoja kuanzia mwaka mbaya, na ule mdogo ndio ninaouamini.

Tena, gawio lililokatwa nusu 2017 lisifutwe kwenye kumbukumbu kwa sababu leo mambo ni mazuri. Limo kwenye leja, na litabaki.

Hatua ya 4: Sehemu ya faida iliyogawiwa

E2 ni =C2/B2. Kwangu hii ndiyo safu kubwa kuliko zote. Gawio laweza kukua kwa njia mbili: faida imekua, au kampuni imeamua kugawa kipande kikubwa zaidi cha faida ileile. Njia ya pili ina ukuta mbele yake.

NMB kwa miaka hii imekuwa ikigawa karibu thuluthi moja ya faida. Maana yake gawio limepanda kwa sababu faida imepanda, na thuluthi mbili zinabaki kukuza mtaji. CRDB nayo imekuwa karibu na hapo. Ukikuta kampuni ambayo safu ya E inakwenda 40, 55, 70, 90 huku B imesimama palepale, hilo gawio linakula faida ambayo ingebaki kuwa akiba.

Hatua ya 5: Bei

Gawio gawanya kwa bei ya leo. Basi. Wengi wetu tuna safu nyingine ya gawio kwa bei tuliyonunulia. Mimi naiita safu ya majivuno. Aliyenunua CRDB kwa shilingi 150 mwaka 2009 ilipouzwa mara ya kwanza kwa umma, gawio la 65 kwake ni asilimia 43 ya alichotoa. Ana haki ya kutabasamu. Lakini akitaka kuongeza hisa leo, ile 150 haimsaidii kitu, bei ya leo ndiyo bei.

Hatua ya 6: Kodi na kalenda

Gawio la kampuni iliyoorodheshwa DSE linakatwa kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla fedha haijakufikia, asilimia 5. Mwenye hisa 1,000 za NMB kwa hesabu za 2024: shilingi 428,850, toa 21,442.50, mkononi 407,407.50. Weka namba ya mkononi kwenye bajeti ya nyumbani.

Na weka ukurasa wa miezi 12. Mabenki haya hufanya mikutano mikuu Mei na Juni, malipo yanaangukia katikati ya mwaka. Januari, ada za wajukuu zinapodaiwa, jedwali ni jeupe. Nilipoliona hilo kwa macho ndipo nilipoanza kulipanga gawio la Juni lifike Januari, badala ya kulipa mabati nalo.

Maswali ya wanachama

*Mzee wetu shikamoo. Kuanzia 2018 hadi 2024 mimi nahesabu miaka saba. Mbona kwenye fomula umeweka 6?*

Marahaba. Nguzo saba za uzio zina nafasi sita katikati yake. Namba ni saba, hatua za kupanda ni sita. Ukiweka 7 utapata kama asilimia 31, ukuaji utaonekana mdogo kuliko ulivyo. Kosa hili nimelikuta hata kwa watu wenye shahada.

*Mwalimu, nimejaza benki ya Equity ya Kenya na Excel inaniandikia #DIV/0!. Nikadhani imegundua habari za dividendi!*

Umenichekesha, dada yangu. Hiyo DIV ni ya kugawanya: umegawanya kwa sifuri. Equity ilitoa shilingi 2 ya Kenya kwa hesabu za 2018. Za 2019 bodi ilipendekeza 2.50, ikaja Korona, ikaliondoa pendekezo. Za 2020 pia hawakutoa. Kisha 3 kwa 2021 na 4 kwa 2022. Andika 0, usiache seli tupu, maana tupu ni "sijatafuta" na sifuri ni "hawakulipa". Kwenye D4 weka =IF(C3=0,"baada ya sifuri",C4/C3-1) uiburute. Halafu kwenye F andika sababu. Benki iliyobakiza fedha wakati wa janga kisha ikarudi juu zaidi si sawa na iliyoacha kulipa kwa kuishiwa.

*Salaam kutoka Mombasa. Sisi huku kila mstaafu ana Safaricom. Ipite kwenye jedwali lako tuone.*

Karibu. Hesabu zao huishia Machi. Gawio la kawaida lilipanda kutoka shilingi 0.97 mwaka 2017 hadi 1.10, 1.25, na 1.40 mwaka 2020. Kisha 1.37 kwa 2021, 1.39 kwa 2022, na 1.20 kwa kila mmoja wa miaka 2023, 2024 na 2025. Mwaka 2019 kulikuwa na gawio maalumu la 0.62, hilo likae F. Sasa tazama E: kwa kawaida wamekuwa wakigawa karibu asilimia 80 ya faida. Walipoingia Ethiopia na gharama zake kuanza kuila faida, hapakuwa na nafasi ya kulishikilia gawio. Kampuni ni imara, wateja wamejaa, lakini kwa leja yangu kuanzia 2020 hadi 2025 haikuwa hisa ya gawio linalokua. Faida ya Ethiopia ikija, nitabadilisha maandishi. Kodi ya zuio kwa mkazi wa Kenya nayo ni asilimia 5.

*Kaka, nimestaafu mwezi uliopita. Niweke kiinua mgongo chote humu?*

Hapana. Hisa za soko letu, hasa za kampuni ndogo, unaweza kuziweka sokoni ukakaa siku nyingi bila mnunuzi. Mimi matumizi ya miaka miwili hayagusi hisa. Yako benki na kwenye mfuko wa Ukwasi wa UTT, taasisi ya serikali ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Hatifungani zinafuata. Hisa zinachukua kilichobaki. Na wewe mwezi mmoja tu tangu ustaafu, jaza jedwali miezi mitatu kabla ya kununua hata hisa moja.

*Sina kompyuta, simu yangu ndogo. Daftari la karatasi linafaa?*

Linafaa sana. Chora safu sita, tumia kikokotoo cha simu. Ule wastani mgumu uache, safu ya D inatosha.

*Baba yetu alifariki akiwa na hisa. Tulijua miaka miwili baadaye, kwa barua. Unashauri nini?*

Poleni sana. Ukurasa wa kwanza wa faili langu hauna fomula. Una namba ya akaunti ya CDS (akaunti ya kielektroniki inayotunza hisa), jina la dalali, akaunti ya benki inayopokea gawio, na idadi ya hisa za kila kampuni. Nimeuchapisha, mama watoto ameuweka kwenye bahasha moja na hati ya kiwanja. Kila Juni, gawio likiingia, tunautoa pamoja na kuuandika upya. Mwaka huu alinisahihisha idadi ya hisa za kampuni moja, na alikuwa sahihi yeye.