Somo: Kuisoma picha ya kahawia ya watu wawili

Nawa mikono, ikauke kabisa, kisha ishike picha kwenye kingo. Chumvi ya vidole huingia ndani na haitoki.

Hatua ya pili, zima taa ya juu. Washa tochi na uilaze pembeni, mwanga upite juu ya picha kama jua la saa kumi na mbili jioni. Mikunjo na nyufa zitajitokeza. Chukua na kioo cha kukuzia: ukiona nyuzi za karatasi, huenda picha ilichapwa kwa ute wa yai, mbinu aliyoitangaza Mfaransa Blanquart-Evrard mwaka 1850. Usipoziona, yaelekea ni ya jelatini, utando laini unaozifunika nyuzi.

Hatua ya tatu, rangi. Kahawia si uzee kila mara. Picha nyingine zilitiwa dawa makusudi, madini ya fedha yaliyomo yakageuka salfaidi ya fedha, ambayo hudumu zaidi. Unjano kwenye sehemu nyeupe ndio wa miaka.

Sasa watu wenyewe, na hapa usiwe na haraka. Nyuso ziache mwisho. Enzi hizo mtu alitakiwa kutulia sekunde kadhaa, pengine kichwa kimeegemezwa chuma kwa nyuma, kwa hiyo kununa si ugomvi. Anza na mikono. Mkono uliowekwa begani kwa amri ya mpiga picha mara nyingi hulala bapa, vidole vimenyooka. Uliolizoea bega hilo huzama kidogo, na kitambaa hujikunja chini ya vidole. Angalia pia mabega yanapokutana: wakati mwingine nguo mbili nyeusi humezana hadi huoni mpaka. Mmoja akiwa na ukungu usoni, alitikisika. Mimi ukungu huo naupenda kuliko picha kali isiyo na dosari.

Maswali ya wanachama

Swali: Mmoja kaketi, mwingine kasimama. Ni mume na mke?
Jibu: Huo ulikuwa mpangilio wa studio, hata ndugu na marafiki walipangwa hivyo. Geuza nyuma utafute maandishi kabla ya kuwaozesha.

Swali: Imefifia. Niipake mafuta ing'ae?
Jibu: Hapana, wala usiifute kwa kitambaa chenye maji. Gundi na selotepu pia uziache.

Swali: Niiskani vipi?
Jibu: Kwa rangi, si nyeusi na nyeupe, angalau dpi (nukta kwa inchi) 600. Zile ndogo za kadi, kama sentimita 6 kwa 9, zipe 1200, la sivyo ile mikunjo ya begani hutaiona.