Tenda ya serikali mtandaoni: usitupwe nje kabla bei yako haijasomwa

Saiba yangu iko Accra Road, Nairobi. Wateja wangu ni wafanyabiashara wadogo: akina mama wa sare za shule, vijana wa kukarabati kompyuta, wauzaji wa vifaa vya ofisi. Wengi wao wakikosa tenda husema kuna mtu alipewa kitu kidogo. Pengine. Lakini ukisoma barua ya kukataliwa yenyewe, mara nyingi walitolewa kwa karatasi moja iliyokosekana.

Jisajili kwenye egpkenya.go.ke, yaani e-GP, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, sasa hivi, wakati huna tenda unayoikimbilia. Tumia barua pepe yako na laini yako mwenyewe. Mabroka watajitolea kukufanyia kila kitu kwa barua pepe yao. Siku mkikosana, utaiomba akaunti ya kampuni yako kwa magoti. Jina la kampuni lilingane herufi kwa herufi kwenye cheti cha usajili, CR12 (hati inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa) na PIN ya KRA. Kama una miaka chini ya 35, au ni mwanamke, au unaishi na ulemavu, chukua pia cheti cha AGPO, mpango wa kuwapa makundi hayo tenda za serikali, maana asilimia 30 ya ununuzi wa serikali imetengewa nyinyi.

Serikali ilitaka zabuni zote zipitie e-GP kuanzia mwaka wa fedha wa 2025/26, na suala hilo likafika hadi Mahakama Kuu. Kwa hiyo usikisie. Soma tangazo ujue kama wanataka mfumo, au bado wanataka bahasha kwenye sanduku.

Ukishapakua stakabadhi za zabuni, nenda moja kwa moja kwenye orodha ya masharti ya lazima. Hapo hakuna alama, ni ndiyo au hapana. TCC, cheti cha KRA cha kuonyesha umetimiza wajibu wa kodi, hudumu miezi 12. Hakikisha hakiishi kabla ya siku ya kufunguliwa kwa zabuni. Fomu zote zijazwe na kutiwa sahihi, hata ile isiyokuhusu: andika kwamba haikuhusu, usiiache tupu. Kurasa zipewe namba mfululizo kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, kwani sheria ya ununuzi ya 2015 inataka hivyo. Na tafadhali, usiskani kwa simu juu ya meza ya hoteli. Kivuli cha kidole chako kikifunika tarehe ya leseni ya kaunti, mkaguzi hatakupigia simu.

Sasa bei. Kifungu cha 82 cha sheria hiyo kinasema bei iliyosomwa wakati wa kufungua ndiyo ya mwisho, hairekebishwi. Tuseme unauza rimu 240 za karatasi kwa shilingi 650. Hiyo ni 156,000. Ukiongeza VAT ya asilimia 16 unapata 180,960. Mtu amechoka, usiku, anaandika 156,000 kwenye fomu ya zabuni na 180,960 kwenye jedwali la bei. Zote mbili zina maana yake, lakini zikigongana, umejichimbia. Mpe mtu mwingine kikokotoo, azidishe upya kila mstari bila kuangalia majibu yako.

Saa ya kufunga ni ya mfumo, si ya simu yako. Ikiwa mwisho ni saa tano asubuhi, mimi hutaka faili iwe imeingia jana yake mchana, kabla stima haijapotea wala intaneti kulemewa na watu wote wanaopakia pamoja. Kabla ya kutuma, angalia tena kama kuna nyongeza (addendum) ya kubadilisha stakabadhi iliyotolewa. Tarehe na vipimo hubadilika, na ukijibu tangazo la zamani hakuna wa kukuhurumia. Ukituma, hifadhi risiti ya mfumo na upige picha skrini ikionyesha saa.

Ukikosa, waliotangaza tenda wana wajibu wa kukuandikia sababu. Soma barua siku hiyo hiyo. Kama unaona umeonewa, una siku 14 kupeleka malalamiko kwa Bodi ya Rufaa ya Ununuzi wa Umma, Jumamosi na Jumapili zikihesabiwa. Bodi nayo hutakiwa kuamua ndani ya siku 21. Kuna ada, kwa hiyo piga hesabu kwanza: kwa tenda ya rimu 240, mimi ningeacha. Kwa tenda ya mwaka mzima, ningetafuta wakili jioni ile ile.