Kumdhamini mke au mume kuja Kanada: someni hapa kabla ya kunipigia

Wiki hii watu wanne wamenipigia, swali lile lile. Naandika mara moja, anayesoma asome. Mimi si mwanasheria. Njia hii nimeipita mara mbili, na sababu ya kuirudia mtaiona hatua ya 2.

Hatua ya 1. Uwe raia au mkaazi wa kudumu, miaka 18 kwenda juu. Mkaazi wa kudumu lazima awe anaishi Kanada. Kama unapokea msaada wa serikali wa kujikimu, usio wa ulemavu, ishia hapa. Na kama wewe mwenyewe uliletwa na mwenzi, ngoja miaka 5 tangu upate ukaazi ndipo umlete mwingine.

Hatua ya 2. Ndoa. Hapa ndipo nilipoungua. Nilioa kwa simu. Nilikuwa Edmonton, mapumziko ya nusu saa kazini, nimejikunyata ndani ya gari na kioo kimeganda barafu. Shehe yuko Tanga na baba mkwe, kaka yangu ndiye wakili wangu, yaani kaniwakilisha kwenye ndoa. Nikasikia vigelegele, nikakata simu, nikarudi kwenye mashine. Kidini ilitimia, na cheti nikapata. Kumbe kwa maombi yaliyopokelewa tangu Juni 11, 2015, uhamiaji wa Kanada hauitambui ndoa ambayo mmoja wenu hakuwepo mwenyewe, hata kama huko ilikofungwa ni halali. Wakanikatalia. Ada, hela ya tafsiri na zaidi ya mwaka mzima vikaenda na maji. Nikakata tiketi, tukafunga upya, safari hii nimekaa jamvini kwa miguu yangu.

Msiniambie "watajuaje". Fomu ya IMM 5532, ile ya maelezo ya uhusiano wenu, inauliza harusi ilikuwa wapi na nani walihudhuria, na mihuri ya pasipoti yako inasema ulikuwa wapi siku ile. Ukikamatwa na uongo, mlango unafungwa miaka 5.

Hatua ya 3. Cheti cha ndoa kiwe cha serikali; Tanzania Bara ni RITA. Kisicho cha Kiingereza wala Kifaransa kitafsiriwe, na mtafsiri asiwe ndugu yenu.

Hatua ya 4. Jaza fomu, lipa, pakia. Alama za vidole ni dola 85. Daktari wa kumpima mwenzi ni wa orodha yao tu, na mwenzi asiende kupimwa mpaka waseme. Walioko Quebec wana hatua zao za ziada. Watoto waandikeni wote, hata asiyekuja, hata yule ambaye nyumbani hatajwi. Mtoto uliyemficha leo unaweza kushindwa kumleta kesho.

Hatua ya 5. Ushahidi kwamba ndoa ni ya kweli. Picha zisizidi 20. Moja ya wazee wa pande zote mbili wamekaa pamoja inashinda selfi zenu zote za ufukweni.

MASWALI

– Kaka, mimi nina kibali cha kazi. Naanzaje kumdhamini mke?

Hatua ya 1, sentensi ya kwanza.

– Sisi tulifunga kwa simu ya video, tunaonana kabisa. Hiyo si inakubalika?

Ndugu yangu, nimeandika aya nzima. Kuonana si kuwepo.

– Unatutisha tu. Binamu yangu alipita.

Aliomba mwaka gani? Kamuulize kwanza, halafu urudi tuzungumze.

– Na mke wa pili?

Kama wa kwanza bado yuko kwenye ndoa, haiwezekani. Usinitumie ujumbe wa pembeni, jibu ni hilo hilo.

– Shikamoo kaka. Mume wangu yuko Mombasa, lakini aliendesha gari Muscat miaka miwili, akarudi 2022. Hati ya polisi ya Oman, ya kuonyesha kama ana rekodi ya jinai, inatakiwa?

Marahaba dada, umeuliza la maana. Inatakiwa. Ni kila nchi aliyokaa miezi 6 mfululizo au zaidi ndani ya miaka 10 iliyopita, tangu atimize miaka 18. Aanze na ya Oman leo, maana hiyo ndiyo itakayowachelewesha. Atafute pasipoti ya zamani yenye viza ya kazi na nakala ya kitambulisho cha ukaazi. Ikigoma kabisa, aandike barua ya kueleza alivyohangaika, aambatanishe risiti na kila jibu alilopewa. Ya Kenya aombe kwa eCitizen. Kuhusu mshahara wako usikose usingizi, kwa mwenzi kwa kawaida hawaweki kima cha chini. Ila unatia saini kumtunza miaka 3, na hata mkiachana saini haifutiki.

– Ahsante kaka. Na mimi wangu amepata viza, anasafiri mwezi ujao. Dhahabu za harusi uwanjani itakuwaje?

Hongera! Aandike orodha mbili: alivyobeba, na vitakavyofuata baadaye. Ampe afisa wa forodha siku ile ile ya kuingia mara ya kwanza. Dhahabu azipige picha moja moja, na thamani yake pembeni. Wa kwangu aliandika mpaka mbuzi ya nazi, na katika mizigo yote ile, hiyo ndiyo afisa aliyotaka kuiona.