Kabla ya kuvuta tela kwa pikapu, pima kwanza uzito wa pua yake

Siku ile tukitoka Ruaha Mbuyuni na vitunguu, kijana aliyenisaidia kufunga tela aliinua pua ya tela, yaani ncha ya mbele inayoshikana na gari, kwa mkono mmoja, akaiteremsha juu ya mpira wa chuma wa pikapu kama mtu anayefunika sufuria. Nikafurahi. Nilidhani pua ikiwa nyepesi basi mzigo umekaa vizuri na gari halitataabika. Tulipokwisha kupita Doma, barabara imenyooka, mwendo kama 80 hivi, tela likaanza kuyumba: kushoto kidogo, kulia zaidi, kushoto tena, na kila likienda linaburuta mkia wa pikapu. Niliachia mafuta, nikashika usukani bila kuukatakata, sikukanyaga breki kwa nguvu, na mwendo uliposhuka likatulia. Nilikaa pembeni ya barabara muda mrefu kabla mikono haijaacha kutetemeka.

Kosa lilikuwa ule wepesi wenyewe. Tela la ekseli moja ni kama mizani: mzigo ulio mbele ya ekseli hukandamiza pua, ulio nyuma huinyanyua. Pua ikikosa uzito, hakuna kinacholituliza tela, na msukumo mdogo tu wa upepo, wa shimo au wa lori linalokupita unatosha kuanzisha mtikisiko ambao hukua kadiri unavyokimbia. Tulipofungua, magunia mawili kati ya matano yalikuwa yamesukumwa mkiani kabisa, mlangoni.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua tela zima lina uzito gani likiwa limepakiwa. Langu tupu lina kilo 250. Magunia matano ya kilo 90 yanafanya 450. Jumla 700. Kwa tela lisilo na breki zake lenyewe, pikapu nyingi ndogo huandikiwa kikomo cha kilo 750, na kikomo hicho nakiheshimu hata pale injini inapoonekana ina nguvu za kuvuta zaidi, kwa sababu kwenye mteremko kama wa Kitonga kazi kubwa inakuwa kusimamisha.

Kisha pua. Marekani kanuni wanayoifuata ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela lote. Ulaya huwa wanatumia kiwango cha chini zaidi, na magari yao madogo mengi yameandikiwa kilo 75 au 100 tu kwenye mpira. Mimi nafuata 10 kwenda juu, mradi nisizidi kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari na kwenye kibati cha chuma cha kuvutia. Kati ya namba hizo mbili, ndogo ndiyo inayotawala. Kwa tela la kilo 700 nataka pua ikae kati ya kilo 70 na 105.

Kupima si kazi kubwa. Pakia kila kitu kama kitakavyosafiri, turubai, kamba na tairi la akiba vikiwamo. Liweke tela mahali tambarare, zuia matairi yake kwa mawe au vigogo pande zote mbili, halafu litenganishe na gari taratibu. Hapa kuwa mwangalifu: kama mzigo mwingi uko nyuma, pua itaruka juu ghafla na mkia utagonga chini, kwa hiyo usiiinamie wala usiruhusu mtoto kukaa karibu. Chukua mizani ya kawaida ya kupimia uzito wa mwili, weka juu yake ubao mnene na kipande cha gogo, kisha teremsha pua juu ya gogo. Urefu wa gogo uwe ule unaoifanya pua ikae sawa na kimo cha mpira wa gari tela likiwa limefungwa; ukipima pua ikiwa chini mno au juu mno, hasa kwa mzigo mrefu, utapata namba ya uongo. Soma, kisha toa uzito wa ubao na gogo.

Mizani nyingi za nyumbani zinaishia kilo 120 au 150. Ukihofia kuivunja, tumia ubao kama mtaimbo: upande mmoja ulalie tofali, upande wa pili ulalie mizani, na pua ikae sentimita 30 kutoka tofalini na 60 kutoka kwenye mizani. Mizani itabeba theluthi moja tu. Ikisoma 30, baada ya kutoa ulichokisoma ubao ukiwa peke yake, pua ina kilo 90. Mimi siku hizi nimepata njia rahisi kuliko zote: naenda kwenye ghala la nafaka na kuomba mizani ya kupimia magunia. Inabeba kilo mia kadhaa na haina wasiwasi wowote.

Ukiona pua ni nyepesi, sogeza mzigo mbele. Kutoka ekseli hadi mpira, tela langu lina mita 3. Kwa hiyo gunia la kilo 90 likisogea mbele mita 1, pua inaongezeka kilo 30. Siku ile tulisogeza magunia mawili tu, jua likiwaka, na tela likawa jingine kabisa hadi Morogoro.

Lakini pua nzito kupita kiasi nayo ni hatari, na ndiyo inayowapata wengi wenye pikapu nyepesi. Mpira uko nyuma ya matairi ya nyuma, kwa hiyo unafanya kazi kama mtu aliyekaa kwenye ncha ya bembea ya ubao. Kama matairi ya mbele na ya nyuma yameachana mita 3 na mpira uko mita 1.2 nyuma zaidi, kilo 100 za pua zinayatwisha matairi ya nyuma kilo 140, na kuyapunguzia ya mbele 40. Usukani unakuwa mwepesi, breki za mbele zinashika vibaya, na taa zako zinawapiga machoni wanaokuja. Pima kwa futi kamba kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, mbele na nyuma, kabla na baada ya kufunga tela. Mbele ikinyanyuka sana, punguza. Na kumbuka uzito wa pua ni sehemu ya mzigo wa pikapu yenyewe: ukishajaza abiria na mizigo kwenye bodi, nafasi ya pua imeliwa.

Mengine ni ya haraka. Mpira uwe wa kipimo cha kikombe chake, kile cha kwenye pua kinachoufunika. Wa inchi 1 na 7/8 ni kama milimita 47.6, na ndani ya kikombe cha milimita 50 utaonekana umeshika mpaka tuta la kwanza. Ukishafunga, piga jeki pua kidogo: mkia wa pikapu ukinyanyuka nayo, umeshika kweli. Cheni za usalama zinazofunga tela kwenye gari zipite kwa kukingamana chini ya pua. Matairi ya tela yawe na upepo wa kutosha. Ukibeba tenki la maji, lijaze kabisa au liache tupu, maana maji nusu hukimbilia nyuma kila unapopanda kilima, na lita 500 ni kilo 500.

Na ukishusha njiani, pua imebadilika. Kama kuna gunia la mteja wa Mikumi, tunalipakia nyuma tangu Ruaha Mbuyuni ili litoke bila kuondoa uzito wa mbele, kisha nainua pua tena kabla ya kuondoka, safari hii nikitaka inishinde.