Meza ya kazi kwa mbao tatu tu, saizi ya chumba cha kupanga

Ukiwa na chumba cha futi 10 kwa 10 hapa Tanga, iwe Makorora, iwe Ngamiani, kitanda kimeshakula nusu, ndoo na jiko vina kona yao, na we unataka sehemu ya kuweka laptop au cherehani au kufungulia simu za watu. Meza ya dukani inakuwa kubwa au inakuwa ya ubao wa kubandika, huo ukinyonya unyevu wa huku pwani unavimba basi. Hii ninayoelekeza ina urefu wa inchi 42 na kimo cha inchi 29, nimeshawatengenezea watu kadhaa na inatoka kwenye mbao tatu za futi 12: moja ya 2 kwa 2, moja ya 1 kwa 4, moja ya 1 kwa 8.

Tukianza na kununua, manake hapa ndo watu wengi wanaumia. Mbao laini, yani paini au saiprasi, inatosha kabisa, mtiki wa Muheza ni mzuri lakini hela yake ni ya meza tatu. Kila mbao inyanyue, weka jicho kwenye ncha moja uangalie mpaka ncha ya pili kama unalenga manati, ikiwa imepinda irudishe, usione aibu, hela ni yako. Ukiishika ukasikia ubaridi na ni nzito ujue bado mbichi. Meza ya kwanza niliyomtengenezea mdogo wangu nilitumia mbao mbichi kwa sababu ya haraka, mwezi haujaisha uso umeachia nafasi mpaka kalamu inapita inadondoka chini, iliniuma sana maana alikuwa anaisomea mitihani. Sasa hivi mbao nikifika nayo nailaza kivulini wiki mbili, naweka vijiti katikati hewa ipite.

Hatua ya 1, kukata. Ile 2 kwa 2 toa miguu minne ya inchi 28, inabaki kama inchi 32, toa vipande viwili vya inchi 15 ukate ncha zake kwa mshazari wa digrii 45. Ile 1 kwa 4 toa vitatu vya inchi 36 na viwili vya inchi 16. Ile 1 kwa 8 toa vitatu vya inchi 42, ndo uso wa meza, kile kibaki chake usikitupe. Msumeno wa mkono unatosha, umeme ukikatika we unaendelea na kazi.

Hatua ya 2, fremu. Chukua mbili za inchi 36 na zile mbili za 16, fupi zikae katikati ya ndefu, upate boksi. Kabla hujakaza pima kona kwa kona, halafu kona kwa kona upande wa pili, vipimo vikilingana boksi liko skwea, visipolingana sukuma ile kona iliyo ndefu. Miguu inaingia ndani ya kona, paka gundi nyeupe halafu skrubu mbili kila upande. Toboa kwanza na drili biti nyembamba, kama huna drili na unatumia misumari basi gonga ncha ya msumari iwe butu kidogo, mbao haipasuki. Na skrubu nunua za kuzuia kutu, hii hewa ya chumvi inakula chuma hatari.

Hatua ya 3 ndo roho ya meza. Ukiisimamisha sasa hivi itatikisika, na hapo watu wanaongeza misumari, wanaongeza tena, bado inacheza! Angalia kenchi la paa, fundi hajalishika kwa wingi wa misumari, amelishika kwa pembetatu. Kwa hiyo ile 1 kwa 4 iliyobaki ifunge nyuma kwa mshazari, ncha moja chini tu ya fremu kwenye mguu wa kushoto, ya pili ishuke kama futi moja kwenye mguu wa kulia. Vile vya inchi 15 weka kimoja kila ubavu, chini kinagota mguu wa nyuma, juu kinalala nyuma ya ubao wa fremu. Isukume sasa, utaona tofauti mwenyewe.

Uso: kile kibaki cha 1 kwa 8 kipasue, kata inchi 16, kikae kati ya mbao ndefu za fremu kubeba uso usibonyee. Panga mbao tatu, acha nafasi ya unene wa kadi ya simu kati yake, masika zikivimba ziwe na pa kwenda. Skrubu mbili kila ncha.

Msasa namba 80, halafu 120, kisha vanishi mara tatu, na chini ya uso paka pia, wengi wanasahau, ukipaka juu tu unyevu unaingilia chini mbao inajikunja. Chini ya miguu gundisha vipande vya kandambili za zamani, maji ya kudekia yananyonywa sana na zile ncha. Iache siku mbili ikauke vizuri, dirisha wazi, ndo uweke laptop.