Mbele ya kulipa kostimu pale soko ya Kadutu, Bukavu, shika kifua cha vesti (koti ya kostimu)

Bandugu, mwenye anaenda Kadutu kutafuta kostimu ya ndoa ao ya kazi, usiangalie kwanza lebo, juu lebo inashonwa popote; shika vesti pale chini ya kifungo cha mwisho, finya kitambaa cha inje na vidole viwili na cha ndani vilevile, kisha vutavuta polepole. Ukisikia kuna kitambaa cha tatu katikati kinatembea peke yake, hiyo ni kanvasi (kitambaa cha kushikilia kifua) ya kushonwa, lipa bila woga. Ukisikia kile cha inje ni kinene kimegandamana, ni ya kubandika na gundi, haiko mbaya lakini gundi ikizeeka ao pasi ya makala ikipita na moto mingi kifua kinaota mapovu na hapo hakuna fundi atakusaidia.

Halafu kamata mkono wa vesti, ukunje ndani ya ngumi kidogo, achia. Sufu ya muzuri inajinyoosha yenyewe, kitambaa dhaifu kinabakia na makunyanzi.

Mabega njo kitu ya maana kuliko yote! Mikono fundi atakata, kiuno atapunguza, lakini bega ikipita yako iache tu hata bei ikuwe ya chini namna gani, juu kuirekebisha inaomba kubomoa vesti karibu yote.

Pantalo (suruali) nayo uigeuze, angalia kama nyuma walibakisha kitambaa kwa mushono, siku utanenepa utaihitaji.