Kukagua Throto ya Cessna 172: Anzia Kwenye Kabureta, Si Kwenye Dashibodi

Marubani wakizungumzia throto, yaani kidhibiti cha nguvu ya injini, hubishana zaidi kuhusu kishikio: mmoja anapenda kile cha kusukuma kwenye dashibodi, kama cha Cessna 172, na mwingine anataka wenzo kama ule wa Piper nyingi. Sisi mafundi hutazama upande wa pili wa kebo, kwa sababu huko ndiko throto inakoharibika. Mwongozo huu unahusu Cessna 172 zenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Mwenye ndege anaweza kukagua, lakini kurekebisha na kutia saini ni kazi ya fundi mwenye leseni.

Hatua ya kwanza: zima magneto (mitambo inayozipa plagi umeme), toa ufunguo, weka vizuizi magurudumuni, kisha vuta kishikio chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa hadi mwisho, kukata petroli. Usisukume throto mara nyingi mfululizo, kwani pampu ndogo iliyomo ndani ya kabureta hurusha petroli kila throto inapofunguliwa, na petroli hiyo ikijikusanya kwenye njia ya hewa inaweza kuwaka moto injini inapowashwa. Mara mbili zinatosha.

Hatua ya pili ndiyo ninayoipa muda mwingi. Legeza kwanza pete ya kukazia iliyo kwenye shina la kishikio, kwa sababu pete iliyokazwa huficha kebo isiyosogea kwa urahisi. Mwenzako asukume kishikio polepole huku wewe ukitazama mkono wa kabureta unaosogezwa na kebo, ambao ni lazima ufike kwenye kizuizi chake kabla kishikio hakijagusa dashibodi. Pabaki nafasi ndogo, kama milimita 3, na kishikio kikiachiwa kirudi nyuma kidogo. Rudia upande wa kufunga. Niliwahi kuletewa ndege iliyolalamikiwa kwamba haina nguvu wakati wa kuruka. Plagi zilikuwa zimebadilishwa na magneto kukaguliwa, kumbe kebo ilifungwa vibaya baada ya kabureta kubadilishwa, na kishikio kiligonga dashibodi kabla throto haijafunguka yote. Katika Uwanja wa Wilson, Nairobi, ulio zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi tayari imeipunguzia injini nguvu, na hakuna ya ziada ya kupoteza.

Hatua ya tatu: kagua kiungo kinachounganisha kebo na mkono wa kabureta. Bolti iwe na nati yenye mapengo na kotapini mpya (pini inayozuia nati isifunguke), pamoja na washa pana itakayozuia kiungo kisichomoke endapo beringi yake ndogo italika. Kishike kwa vidole ukitikise. Ulegevu unaosikika mkononi hautakiwi.

Hatua ya nne: fuata ala ya kebo, yaani gamba lake la nje, hadi kwenye ukuta wa moto unaotenga injini na chumba cha rubani. Vibano vikilegea, ala yenyewe husogea badala ya waya wa ndani, na rubani husukuma kishikio bila injini kuitikia ipasavyo. Ala isikaribie bomba la moshi wala kusuguana na kitu. Kebo isiyosogea kwa urahisi ibadilishwe. Kuinyunyizia oili ni kukaribisha vumbi.

Mwisho, kaza pete kiasi cha kuzuia kishikio kisirudi chenyewe kwa mtikisiko, na wakati wa kuruka kiganja kibaki juu yake hata hivyo.

Kuhusu vishikio vya kuzungusha vyenye kitufe katikati, mimi huvipenda kwa mchanganyiko wa mafuta, ambako marekebisho madogo yana faida. Kwa throto sivipendi: rubani anayeghairi kutua anahitaji nguvu yote kwa msukumo mmoja, bila kukumbuka kitufe.

Kebo ikikatika angani, injini ya Rotax 912 ina springi zinazovuta kabureta zake hadi throto ifunguke yote. Katika 172 usitegemee hivyo, kwani mkono wa kabureta unaweza kubaki ulipo au kusogezwa na mtikisiko. Ukibakiwa na nguvu nyingi isiyopungua, elekea kwenye uwanja wenye njia ndefu ukiwa juu, na uzime injini kwa kishikio cha mchanganyiko pale tu unapokuwa na hakika kwamba utaifikia njia hiyo kwa kuteleza hewani.